Hadithi ya Wengi: Masimulizi Yasiyo na Shujaa Mmoja

Hadithi isiyo na shujaa mmoja ina kipimo chake chepesi: ukimtoa mtu yeyote mmoja ndani yake, itapungukiwa, lakini haitakufa. Masimulizi ya Fumo Liyongo hayawezi kupita kipimo hicho. Mwondoe Liyongo, na gereza la Pate halina maana tena, mkate uliofichwa tupa hauna wa kuupokea, na sindano ya shaba haina wa kumchoma. Watu wengine wote, kuanzia mama yake hadi mwana aliyemsaliti, wamo kwa ajili yake. Masimulizi ya kijiji kizima, ya mgomo wa wafanyakazi, ya nyumba mbili zinazopakana au ya bweni la wanafunzi hujengwa vingine. Uzito wake huhama kutoka kwa mtu hadi mtu, na msikilizaji hapewi mtu mmoja wa kumwandama tangu mwanzo hadi mwisho. Burundi imetoa mifano ya aina hii inayostahili kujulikana kuliko inavyojulikana sasa, na mizito kati yake ilizaliwa katika miaka migumu kabisa ya nchi hiyo.

Mfano mkongwe hauna hadithi ya maneno ndani yake. Kaskazini mwa mji wa Gitega, kilomita chache kutoka mitaa kama Magarama, kuna kilima cha Gishora, ambako ngoma za kifalme zimetunzwa tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19. Mahali hapo pana ngoma mbili zenye heshima ya pekee, Ruciteme na Murimirwa. Zile zinazopigwa mbele ya watu ni magogo yaliyochongwa ndani na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Wapigaji huingia kwa mstari, kila mmoja na ngoma yake kichwani, akiipiga huku akitembea, kisha huzitua na kujipanga nusu duara. Idadi ya ngoma huwa witiri. Katikati hubaki moja, inkiranya, ambayo ndiyo inayotoa mwendo. Ziitwazo amashakwe hushika pigo lisilobadilika, na ibishikizo hufuata na kuitikia kile kinachotoka katikati.

Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba aliye katikati ndiye mkubwa wa kundi. Hachukui muda kugundua vingine. Mpigaji mmoja huacha ngoma yake ya pembeni, huja mbele, huruka juu magoti yakikaribia kifua, huchezesha fimbo zake, huipiga inkiranya kwa namna anayoijua yeye, kisha hurudi mahali pake na mwingine huja. Nafasi ya katikati haiondoki. Anayeondoka ni mwenye nafasi. Waliobaki pembeni nao hawapumziki, kwa kuwa pigo la amashakwe likikatika, anayeruka hana pa kutua. Mwaka 2014 UNESCO iliandika sanaa hii katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jambo la kutafakari ni kwamba ngoma hizo zilikuwa mali ya mwami, yaani ya utawala uliomweka mtu mmoja juu ya wote. Sanaa ya wengi ilikua na kukomaa uani kwa mtawala mmoja, na hilo linatosha kuonyesha kwamba masimulizi ya wengi hayahitaji kusubiri nchi yenye usawa ndipo yazaliwe.

Kwa upande wa maneno, nafasi ya katikati inayozunguka ilikuwa na kikao chake: baraza la bashingantahe. Hawa walikuwa watu wa kilima waliojulikana kwa uadilifu, waliosimikwa hadharani baada ya jirani zao kuwatazama kwa miaka, na waliokabidhiwa fimbo ya haki, intahe. Walisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa urithi, wa mifugo, wa ndoa. Mdai husema mpaka amalize, mdaiwa husema mpaka amalize, mashahidi husema, kisha wazee hujitenga na kushauriana hadi wapate neno moja. Neno hilo hutamkwa na mtu mmoja, lakini si lake. Mtu aliyezoea kusikiliza shauri la namna hiyo amefundishwa, bila kuingia darasa lolote, jinsi ya kushika hadithi yenye sauti nyingi: kukumbuka nani alisema nini, nani alikuwepo, nani alisikia tu, na kuahirisha hukumu mpaka wa mwisho aseme. Wataalamu wa tamthilia hutumia miaka kuwafundisha watazamaji subira hiyo. Vilima vya Burundi vilikuwa nayo tayari.

Subira hiyo ilihitajika sana kuanzia tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikaingia katika vita. Mwaka uliofuata, ng'ambo ya mpaka, RTLM ya Kigali ilionyesha redio inaweza kufanya nini ikishikwa na wenye chuki. Mjini Bujumbura mitaa iliyokuwa ya watu mchanganyiko ilianza kutengana, Wahutu huku, Watutsi kule. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulijulikana kwa kuendelea kukaa pamoja. Mwaka 1995, katika hali hiyo, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo. Haikuwa kituo cha redio. Ilikuwa karakana ya vipindi, ikivitengeneza na kuvipeleka kwenye vituo vingine virushwe, na waandishi wake wa Kihutu na wa Kitutsi walikwenda kutafuta habari pamoja, ili kila mmoja aweze kufika mahali ambapo mwenzake peke yake asingethubutu kukanyaga.

Mwaka 1997 studio hiyo ilianza mchezo wa redio wa Kirundi ulioitwa Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye jamaa. Mtunzi alikuwa Marie-Louise Sibazuri, mwandishi wa tamthilia na msimulizi wa hadithi ambaye tayari alikuwa na jina nchini. Umbo la mchezo lilikuwa jepesi kueleza na gumu kulitekeleza: familia mbili zinapakana, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, na maisha yanaendelea. Kuna shamba, kuna posa, kuna ugonjwa, kuna uvumi unaofika jioni, kuna kijana anayeshawishiwa na wenzake. Mchezo ulirushwa mfululizo kwa miaka, mamia ya vipindi, na ukawa miongoni mwa vilivyosikilizwa zaidi nchini.

Uamuzi wa kutoweka shujaa mmoja haukuwa pambo. Kama Sibazuri angemchagua mtu wa nyumba moja awe ndiye kiini cha kila kitu, nyumba ya pili ingegeuka mandhari, na nusu ya nchi ingezima redio kabla ya kipindi cha pili. Kama angemchagua mtu mwema asiye wa upande wowote, hakuna ambaye angemwamini, kwa sababu mwaka 1997 mtu wa namna hiyo hakuwapo kwenye kilima chochote. Nyumba mbili zilimlazimisha mwandishi kupita milango miwili kila mara. Habari ya usiku ikiingia, lazima isikike inavyopokelewa huku na inavyopokelewa kule. Maneno yaleyale, "wamekuja watu usiku", yana maana moja kwa mama anayewafungia wanawe ndani, na maana nyingine kwa mama anayejua mwanawe hakulala nyumbani. Shujaa mmoja angemfanya msikilizaji asikie maana moja tu na kuiita kweli.

Hata hivyo mpango wa nyumba mbili una mtego wake, na ni mtego mbaya. Mwandishi anaweza kuanza kuhesabu: mwovu mmoja huku, basi na mwovu mmoja kule, wema mmoja huku, basi na wema mmoja kule. Msikilizaji hulinusa hilo upesi. Maisha hayagawanyiki kwa mizani ya duka, na aliyefiwa hapendi kuambiwa kwamba msiba wake umesawazishwa na wa jirani ili kipindi kiwe cha haki. Njia ya kuukwepa mtego huo ni kuwapa watu tabia kabla ya kuwapa kabila. Mzee mchoyo awe mchoyo kwanza: anabana chumvi, anahesabu viazi, anagombana na mkewe kuhusu ada ya shule. Msikilizaji akishamjua kwa uchoyo wake, kabila lake litakuwa jambo moja kati ya mengi anayoyajua juu yake. Mchezo unaodumu miaka una nafasi ya kufanya hivyo, na filamu ya saa mbili haina. Urefu basi ni sehemu ya dawa yenyewe.

Redio ina tatizo lingine ambalo kitabu hakina. Msomaji akipotea anaweza kurudi ukurasa wa nyuma, na mtazamaji wa filamu anaziona sura. Msikilizaji ana sikio tu, tena huenda redio ipo kwenye ua wa watu sita, mmoja anapepeta mchele, mwingine anabembeleza mtoto, na betri zinakaribia kuisha. Ndiyo maana michezo mizuri ya aina hii haijazi watu katika tukio moja. Sauti tatu au nne zinatosha, na ziwe za umri na mikazo tofauti. Kila nyumba hupewa sauti yake ya kuitambulisha: mchi kwenye kinu, mbuzi, mlango unaokwaruza, baiskeli inayoegeshwa. Kazi kubwa kuliko zote hufanywa na namna watu wanavyoitana. "Shemeji", "wifi", "baba mkwe", "mama fulani": kila mwito humwambia msikilizaji nani anasema na nani, na wana undugu gani, pasipo msimulizi kuingilia kueleza. Lugha zetu za Maziwa Makuu na pwani zimebarikiwa katika hili. Mwandishi wa lugha ambamo kila mtu huitwa kwa jina lake tupu hulazimika kutafuta njia nyingine za kufanya kazi hiyo, na mara nyingi anaishia kwa mazungumzo ambayo watu hukumbushana mambo ambayo wote wanayajua.

Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki wa Burundi ambako barabara inashuka kwenda mpaka wa Kobero, sikio huwa na uwanja mpana zaidi. Ng'ambo, Ngara, kuna Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi, na Kiswahili cha redio za Tanzania si kigeni huko. Tanzania nayo ilikuwa na mchezo wake mkubwa wa zama hizo, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, ukihusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Ulifuata kanuni zilizobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico: wawepo wahusika wema, wawepo waovu, na wawepo walio njiani, wanaoyumba katikati na hatimaye kubadilika. Kwenye karatasi huo ni mchezo wa wengi. Vinywani mwa watu ulikuwa mchezo wa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho wake ulikuwa Ukimwi. Tunu, mkewe, ambaye ndiye aliyebeba somo la kubadilika, hakutajwa mitaani kama mumewe. Hapa pana onyo kwa kila anayetunga hadithi ya wengi: mtu mwovu mwenye mvuto huteka hadithi hata pale mwandishi alipokusudia kuigawa, na kumkata makucha kunahitaji kazi ya makusudi.

Rwanda walijaribu kulitatua jambo hilo kwa kuvifanya vijiji viwe ndivyo wahusika. Musekeweya, mchezo ulioandaliwa na shirika la La Benevolencija na kuanza kurushwa na Radio Rwanda mwaka 2004, una vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Ardhi nzuri inakwenda kwa kijiji kimoja, njaa inaingia kingine, kinyongo kinakua, mashambulizi yanafuata, wakimbizi wanahama. Neno Mhutu au Mtutsi halisikiki hata mara moja. Kuna Rutanagira, mchochezi mwenye uchu wa madaraka, lakini waandishi walihakikisha kwamba nguvu yake inatoka kwa wanaomfuata, na kila anayemfuata ana sababu yake: huyu ana njaa, yule ana deni, mwingine anaogopa kuonekana msaliti. Wanaompinga nao hawana jemadari. Batamuriza na Shema, vijana wawili wa vijiji hasimu wanaopendana, husukuma mambo, lakini wasingefika popote bila watu wa kawaida wanaoanza kusema "hapana" mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kila mtu mahali pake.

Mchezo huu ulipimwa kwa utafiti, jambo ambalo ni nadra kwa sanaa. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alizigawa jamii kadhaa za Rwanda katika makundi mawili. Kwa muda wa mwaka mmoja baadhi zilisikiliza Musekeweya, nyingine zikasikiliza mchezo mwingine wa redio kuhusu afya. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalikuwa na somo lisilotarajiwa. Imani za moyoni za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichokiona kuwa desturi ya watu wanaowazunguka, na utayari wao wa kusema hadharani wasichokubaliana nacho.

Mwishoni mwa kazi, kila jamii iliachiwa zawadi ya pamoja: redio ya kaseti, kanda na betri. Watu wakaulizwa vitatunzwaje. Katika jamii zilizosikiliza mchezo wa afya, pendekezo la kawaida lilikuwa vikabidhiwe kiongozi wa mahali pale, na wengine wakakubali upesi. Katika jamii zilizosikiliza Musekeweya, mtu alitoa pendekezo hilo, mwingine akalipinga, mazungumzo yakanoga, na watu wakaelekea kutunza vitu vile kwa pamoja. Betri ni kitu kidogo, lakini kwenye kilima kisicho na umeme ni kitu cha kugombewa. Watu waliokuwa wamesikiliza kwa mwaka mzima hadithi isiyo na mkubwa mmoja hawakukimbilia kumtafuta mkubwa wa kuwawekea betri zao. Haifai kudai kwamba redio peke yake iliwageuza watu. Inatosha kusema kwamba umbo la hadithi lilikuwa na sehemu yake, maana jamii za upande wa pili nazo zilikuwa na mchezo wao wa kusikiliza na bado zikamtazama kiongozi.

Vitabu vimeshughulika na swali hilohilo kwa njia ndefu zaidi. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967, inaweka kijiji cha Thabai katika siku chache za kuelekea Uhuru wa Kenya wa Desemba 1963. Kijiji kinatafuta shujaa wa kuhutubia siku hiyo na kimempata Mugo, mtu mpweke aliyevumilia mateso ya kizuizini. Kila anayekwenda kumshawishi hufungua siri yake mbele yake: Gikonyo, Mumbi na wengine. Riwaya inahama kutoka kifua hadi kifua, inarudi nyuma miaka, inakwenda mbele, na polepole inadhihirika kwamba hakuna aliyetoka katika hali ya hatari ya enzi za ukoloni akiwa na mikono safi. Mwishowe Mugo anakiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji ambaye kijiji kizima kinamwomboleza. Mahali pa shujaa palikuwa pametandikwa mkeka na kupambwa, na aliyeletwa kuketi hapo ndiye pekee aliyekuwa na ujasiri wa kusema kwamba hapakuwa pake. Hakuna riwaya ya Afrika Mashariki inayoeleza kwa kina zaidi kiu ya watu ya kuwa na shujaa, na gharama ya kiu hiyo.

Wasomaji wa Burundi waliosoma shule za Kifaransa wana mfano mwingine karibu: Les Bouts de bois de Dieu ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1960, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar-Niger uliodumu kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Kiongozi wa mgomo, Bakayoko, anatajwa tangu mwanzo lakini kwa sehemu kubwa ya kitabu hayupo. Hadithi inasambaa Bamako, Thiès na Dakar, na wanaoisukuma zaidi na zaidi ni wanawake, ambao mwisho wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar. Katika Kiswahili, tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, ina jina la mtu mmoja, ilhali historia yake ina somo tofauti. Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale mapema Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, na Maji Maji ikaendelea kusini mwa Tanganyika hadi 1907, kabila hadi kabila, bila jemadari mkuu. Waliomnyonga walidhani wanaikata hadithi kichwa.

Vipo pia visa vya kweli ambavyo havikubali kusimuliwa kwa jina moja. Mwaka uleule Umubanyi niwe muryango ulipoanza, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia kwenye bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa. Walirudiwa amri, wakakataa tena, na 40 kati yao waliuawa. Burundi inawakumbuka hadi leo kwa idadi yao, Arobaini wa Buta, na kanisa la kumbukumbu lipo mahali hapo.

Msimulizi wa kisa cha Buta hukutana na tatizo lote la hadithi ya wengi kwa uchungu wake. Gazeti hupenda sura moja mbele, na mhubiri hutamani jina moja la kuanzia. Lakini tendo lenyewe lilikuwa la kukataa kutengwa, na kumtenga mmoja kwa ajili ya sifa ni kufanya kinyume cha walichokifia. Kwa upande wa pili, kuwaacha wote 40 wawe idadi tu ni kuwapoteza mara ya pili, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mama, kijiji, somo alilolipenda na woga wake mwenyewe usiku ule. Hakuna njia fupi. Anayetaka kukisimulia vizuri hana budi kuyataja majina yote, au kuyataja machache na kusema wazi kwamba yangeweza kuwa yoyote. Hana ruhusa pia ya kujificha nyuma ya "wote" linapokuja suala la hatia. Wingi wa wahanga hauwafuti wauaji, na hadithi ya wengi inayosema kwamba kila mtu alihusika, kwa hiyo hakuna aliyehusika, imeiharibu kazi yake kuu. Palipo na masimulizi ya vita, kasoro hiyo ndiyo ya kuogopwa kuliko kupotea kwa msikilizaji au kuchanganya majina.

Linabaki suala la kumaliza. Hadithi ya shujaa ina milango miwili ya kutokea: shujaa anashinda au anakufa. Hadithi ya wengi haina milango hiyo, maana akifa mmoja wengine wanaamka asubuhi kwenda shambani. Sembène alimalizia pale mgomo ulipoisha. Ngũgĩ, baada ya Uhuru na ungamo lake, alimalizia kwa watu wawili, mume na mke, wanaoanza kuzungumza upya. Uingereza wana The Archers, mchezo wa redio wa kijiji cha kubuni cha Ambridge, ulioanza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951 na unaoendelea hadi sasa. Watunzi wake waliamua, inavyoelekea, kwamba kijiji hakina mwisho. Michezo ya Maziwa Makuu haikuwa na uhakika huo wa maisha marefu, kwa kuwa huishi kwa ufadhili na kwa hali ya usalama. Kwa hiyo waandishi wake hupanga miisho midogo mingi: ndoa inafungwa, kesi ya shamba inaamuliwa, kijana anarudi kutoka msituni, nyumba ya tatu inahamia kilimani, na kila mwisho huacha angalau jambo moja la wengine bado liko wazi. Umubanyi niwe muryango ulianza nchi ikiwa vitani, ukaukuta Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 na kuupita, na katika muda wote huo familia zake mbili ziliendelea kupakana.